Baba Zuhura, Hukuichagua Wewe Baruti Ile

Mume wangu Baba Zuhura, uliyelala Iringa huku mimi niko Guangzhou nakula tambi,

Anayeandika ni Zuhura, bintiyo. Mimi nasema, yeye anaandika, maana unajua mimi na kalamu hatujawahi kusalimiana. Nimemwambia asiruke neno hata likimuuma. Akimaliza ataibandika barua hii kwenye kundi la simu la ukoo, waisome wote waliokuita mzembe.

Leo mchana tulikuwa barabara ya Zhanqian tukitafuta nguo za jumla. Mpagazi akaangusha furushi nyuma yangu, likatua kwa kishindo. Nikajikuta nimepiga magoti njiani, mkono umefunika jicho la kulia. Jicho lako hilo, si langu. Miaka yote hii mshindo ukinikuta, mkono unakwenda hapo wenyewe. Zuhura akaniinua, akanipangusa magoti, akasema, "Mama, uzembe wa baba umetufuata mpaka China."

Nikamwambia turudi nyumbani, nguo zitangoja.

Unakikumbuka kibanda cha yule tajiri wako wa bunduki za kivita za zamani? Risasi zake zilikuwa haziuzwi tena, ukawa unazijaza kwa mkono, ganda moja moja, ulimi nje kama mbuzi aliyeona chumvi. Mimi nafagia na kukuchokoza. "Baruti si baruti tu? Mimina twende tukale."

"Mama Zuhura, njaa yako itatuua. Kuna baruti inayowaka haraka, na kuna ya taratibu. Bunduki mzee kama hii inataka ya taratibu. Mzee unamsukuma, humpigi teke."

Ukaniwekea kiganjani punje za hii na za ile. Kwangu zote zilikuwa mbegu za mchicha. "Hata mimi kwa macho sizitofautishi," ukasema. "Ndiyo maana nasoma kopo."

Wewe ulisoma kopo. Mimi niliona kutu.

Masika yale kopo la baruti ya haraka lilitoboka chini. Kando yake palikuwa na kopo jingine, tupu, zima, safi. Nikahamishia humo, nikafunika vizuri, nikajisifu: akirudi safari atakuta mali yake kavu. Kumbe kopo lile liliandikwa kuwa ni la baruti ya taratibu. Maandishi kwangu yalikuwa mapambo.

Ulirudi, ukasoma, ukajaza, ukafyatua. Risasi ya kwanza tu ikaipasua bunduki. Jicho likaenda, vidole viwili vikaenda, kazi ikaenda. Tajiri alipokuuliza hospitalini, nami nimekaa pale, ulisema, "Nilikosea kuchagua baruti." Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, hajui.

Wiki uliyotoka hospitalini ulichukua msumari ukaweka alama kwenye makopo yangu yote ya jikoni. Chumvi tundu moja, sukari mawili, dawa ya panya msalaba. Hukusema kwa nini. Nikaelewa kwamba unajua, nikaendelea kupika.

Ningeweza kukuomba msamaha siku yoyote. Siku iliyonishinda kabisa ni ile Zuhura alipoleta mtoto wake wa kwanza. Ulinyoosha mikono, naye akarudi nyuma. "Baba hana uangalifu." Ukairudisha mikono magotini taratibu, kama mtu aliyeiazima. Na mimi, mwanamke mwenye mdomo mtaa mzima unaujua, nilikuwa natafuna karanga.

Mikono hiyo inanifuata kuliko mshindo. Naiona kwenye maduka ya barabara ya Guangyuan Xilu ikikunja mashati, vidole vitatu huku, vitano huku. Nikisogea, ni mchuuzi mgeni ananitajia bei.

Hapa Zuhura aliacha kuandika, akaingia jikoni. Nikasikia maji yanamwagika na hakuna chombo kinachooshwa. Aliporudi hakunitazama.

"Alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Hata siku ile nilipomnyima mtoto?"

"Hata siku ile. Nitukane, mwanangu, una haki."

Akashika simu. "Sema, Mama. Naandika."

Basi nasema. Mzembe ni mimi, na mwoga ni mimi. Wewe ulikuwa mkaidi wa mapenzi, na ningekuwa karibu na kaburi lako ningekugombeza kwanza ndipo nilie. Pumzika, mume wangu. Jina lako nimekurudishia, nimechelewa.

Zuhura anasema ataongeza mstari wake chini ya jina langu. Sitamwomba anisomee.

Mkeo, bibi wa wajukuu wako,
Mama Zuhura

Baba, ni mimi. Mtoto nitamleta Iringa mwenyewe.