Kibodi ya Abuu na Mafuta ya Cherehani

Jumanne, 11 Machi 2025

Nimefuturu peke yangu tena. Uji, tende, muhogo wa nazi. Nimezidisha kama kawaida – mkono haujajua bado kwamba mwanangu Abuu hayupo. Kilichobaki nimempelekea jirani yangu Gladness. Akasema, Sikudhani, mwaka huu wewe unafunga, mimi ndiye ninayenenepa! Na yeye yuko kwenye Kwaresma, lakini anasema jioni wanaruhusiwa kula.

Nimefungua chumba cha mwanangu kufagia. Juu ya kabati nikaikuta ile kibodi yake ya gemu. Aliiacha Januari alipopata kazi mgodini huko Geita. Alisema wenzake wa bwenini hawatalala kwa makelele yake. Mama nitunzie, vumbi lisiingie, nikija Idi nitaichukua. Niliifunika kanga. Lakini vumbi la Chamwino linajua kanga? Limejaa katikati ya herufi, jekundu, ungeweza kupanda mtama.

Makelele yake yalikuwa yananikera. Ka-ka-ka-ka, mpaka naswali nasahau rakaa. Leo nimebonyeza herufi moja. Ka! Nyumba nzima ikasikia. Nikabonyeza nyingine.

Jumatano, 12 Machi

Leo kazi ya kushona nimeiweka kando. Kila herufi ina kofia yake. Nimezivua kwa uzi – unaupitisha chini, unashika ncha mbili, unavuta juu, inaruka. Kwanza nilichora kwa chaki kwenye meza ya kukatia, kila moja na mahali pake, nisije nikamrudishia mtoto kibodi isiyosomeka. Nimeziosha kwa sabuni, nimezianika kwenye ungo kivulini.

Nne zimelika kuliko zote: W, A, S, D. A ndiyo imekaribia kufutika kabisa, kama kisigino cha kandambili. Hapo ndipo vidole vyake vilipokaa miaka yote ile. Nimeishika muda mrefu kabla ya kuiosha. Karibu nisiioshe.

Chini ya kofia kuna vidude vya bluu vyenye springi. Kila kimoja nimekidondoshea tone la mafuta ya cherehani. Cherehani yangu ina umri mkubwa kuliko Abuu na haijawahi kukwama. Siri ni mafuta.

Nimempigia nimweleze. Haikupokelewa. Baadaye meseji: Niko bize mama, nitapiga.

Ijumaa, 14 Machi

Hajapiga.

Kibodi bila kompyuta ni ubao tu. Kompyuta kaondoka nayo. Nimeibeba kwenye mfuko hadi kwa Erica, yule dada fundi simu karibu na stendi.

"Shikamoo mama Abuu. Umeleta kinanda?"

Nikamwambia marahaba, siyo kinanda, ni kibodi ya mwanangu, nataka niione inawaka tu. Akatoa kidude kidogo, akakichomeka kwenye simu yangu, waya ukaingia humo. Yarabi! Ikawaka yote – nyekundu, kijani, zambarau, rangi zinakimbizana kutoka kushoto kwenda kulia. Na ukibonyeza, maneno yanatokea kwenye simu!

"Mama, sasa wewe ni mcheza gemu kabisa," Erica akasema. "Utatupiga wote."

Kidude nimekinunua. Nyumbani Gladness akachungulia dirishani. "Shoga! Disko ndani ya mwezi mtukufu?"

Nikamwambia aingie, hakuna kiingilio. Tumecheka. Halafu kaenda kupikia watu wake, nikabaki na taa.

Jumapili, 16 Machi

Nimemwandikia Abuu kwa kibodi yake. Sikujua kwamba kile kikubwa cha Enter ndicho kinachotuma. Nilidhani ni cha kushuka mstari. Basi barua yangu imefika vipandevipande, salamu huku, mvua huku, mbuzi wa Gladness kula uzi wangu huku.

Akajibu! "Mama umeajiriwa ofisi gani?"

Nikamwandikia haraka haraka, ka-ka-ka, kwamba ni kibodi yake, imepona, inamsubiri, je, Idi anakuja? Kanzu nimeshaikata.

Hakujibu tena. Alama zimekuwa za bluu. Amesoma.

Alhamisi, 20 Machi

Niandike yote.

Baada ya adhuhuri nilikaa nimwandikie. Nimeanza tu na jina lake, ile A ikazama isirudi. Kwenye simu: aaaaaaaaaaaa. Mstari, mistari! Nikaigonga, haitoki. Nikabonyeza hiki na kile ili ikome, Enter nacho nikakigonga – ikaenda. Nyingine ikaenda. Nikachomoa waya.

Hata sijavuta pumzi, simu ikalia. Abuu!

"Mama! Mama! Uko wapi? Nani yuko na wewe?"

"Marahaba," nikasema, maana hata shikamoo aliisahau.

"Umeanguka? Presha?"

"Nimekaa kwenye kigoda."

Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia. Kumbe alikimbia kweli, alitoka kazini na kofia yake ngumu kichwani. Anasema aliona kwenye simu yake mama anaandika, anaandika, haikomi, halafu zikaja zile aaaa, akajua mama yuko chini anakata roho. Nikamwambia ni herufi imekwama.

"Umeitia nini?"

"Mafuta ya cherehani."

Nikafikiri mtandao umekatika. Halafu akacheka. Kile kicheko cha zamani, cha kushika tumbo.

"Mama, ile siyo cherehani!"

"Ina springi, ina makelele, inaingia vumbi. Siyo cherehani kwa nini?"

Akanieleza taratibu kama mwalimu. Mafuta yanalishika vumbi linakuwa gundi. Chukua spiriti, pamba kwenye njiti, safisha, acha ikauke, mafuta basi. Kutoka hapo tukaongea mengine. Chakula cha huko. Kwamba analala vibaya. Kwamba yuko kwenye chumba na watu sita na hana wa kuongea naye. Sikujua! Nilidhani ni mimi peke yangu. Tuliongea mpaka alasiri ikaadhiniwa. Hajawahi kunipigia muda mrefu hivyo tangu aondoke.

Idi? Anasema ratiba ya zamu haijatoka. Inshallah.

Jumamosi, 22 Machi

Spiriti, pamba, njiti. Nimesafisha vyote, A nimeisafisha mara mbili. Inashuka, inapanda. Ka. Imepona kabisa.

Nimemwandikia: Imepona.

Akajibu: Safi mama.

Basi.

Jumatano, 26 Machi

Kanzu nimeimaliza. Nimeitundika msumarini mlangoni. Upepo ukipita inageuka, nami nageuka.

Nimempigia mara mbili. Bize.

Niandike jambo la aibu. Asubuhi nilishika chupa ya mafuta. Nikaisogeza karibu na A. Tone moja tu, na vumbi lipo la kutosha, lenyewe litafanya kazi yake, mimi nitakuwa nimekosa nini? Nikaifunga chupa. Nikaifungua. Nikaifunga.

Leo kwenye darsa Ustadhi Mbwana alisema ulimi nao unafunga, na macho, na masikio. Nilitaka kuuliza, na vidole je? Wanawake wenzangu wangenigeukia.

Alikimbia na kofia kichwani. Mtoto wa watu moyo ulimpasuka. Mimi mama gani wa kutamani hilo tena?

Lakini alikimbia.

Ijumaa, 28 Machi

Meseji imekuja wakati nakatia mteja gauni. "Mama ratiba imetoka. Niko zamu Idi yote. Nisamehe. Kanzu mpe mtu."

Kanzu mpe mtu! Nimeishona kwa kipimo cha mabega yake, nani mwingine ana bega moja lililoshuka vile?

Nimemjibu Sawa mwanangu, Mungu akulinde. Gauni la watu nimelikosea mkono.

Jumapili, 30 Machi

Magharibi imeshapita. Redio bado haijatangaza mwezi. Wateja wamechukua nguo zao zote, mama mmoja baada ya mwingine na watoto wao, geuka hapa, simama wima, acha kulia. Sasa kimya. Imebaki kanzu moja msumarini.

Gladness alipita. "Shoga, pilau ni kesho au kesho kutwa?"

Nikamwambia amuulize mwezi. Akaniangalia uso. Akasema njoo ule kwetu. Nikasema nitakuja, nina kazi kidogo.

Kazi yenyewe hii. Nimeichomeka kibodi. Taa zinakimbizana ukutani, kanzu inakuwa nyekundu, inakuwa kijani. Chupa ya mafuta ipo mezani, sikuifungua. Kumbe mafuta ya nini? Kidole kinatosha. Nimeibonyeza A chini nikaishikilia. Haikukwama, ni mimi. aaaaaaaaa. Mstari wa kwanza. Wa pili. Simu ikajaa. Saumu nimeshafungua, nikajiambia. Kama saumu ndiyo iliyokuwa inanizuia!

Imebaki Enter.

Nimemwona akikimbia. Nimemwona na kofia yake, watu wanamuuliza vipi, bosi anamwita.

Nimeinua kidole. Sijatuma. Sijafuta.

Nilipoinua macho – pale juu, chini ya jina lake, pameandikwa anaandika.

Sijamtumia kitu! Ameona tu kwamba mama anaandika na haikomi.

Pamefutika. Ameacha. Nasubiri. Mkono mmoja una kalamu, mwingine uko karibu na Enter, sijui wa nani huu mkono.

Anaandika tena.

Ameacha.

Anaandika –