Dobi na Kikombe cha Manjano

Jumatatu, 4 Machi

Itangazwe kwa heshima zote: dobi wa mtaa huu, adui mkubwa wa madoa, ameingiza manjano nyumbani kwa mkono wake mwenyewe! Fulana yangu ya kulalia imeshaharibika. Potelea mbali. Mke wangu ana uchovu mwaka wa pili sasa — analala usiku kucha, anaamka kama aliyebeba mawe. Daktari anasema kuna kitu ndani ya manjano kinachochunguzwa, ila ushahidi bado mdogo, tusitegemee muujiza. Mimi nikasikia "muujiza" tu. Nimechemsha na maziwa na pilipili manga. Uji mzito kama rangi ya ukuta; nitampelekea kikombe kila asubuhi.

Alhamisi, 7 Machi

Jana jioni nimemkuta mlangoni! Kasimama, kachana nywele, kavaa viatu. Eti, "Mume wangu, dawa yako inafanya kazi." Leo nimepiga pasi huku naimba. Wateja wamevumilia.

Jumanne, 12 Machi

Fundi cherehani, jirani yetu, kaniuliza: shemeji anaumwa? Mbona mchana nikipiga hodi haitiki? Nimemjibu kwa maringo, amepona, anakukwepa wewe tu! Tumecheka.

Jumatano, 13 Machi

Niandike ilivyokuwa. Asubuhi nilibeba matambara ya nyumbani nikayaloweke kazini. La dirishani, linalokaa chini ya kopo la maua, likageuka jekundu kwenye sabuni. Hapo dobi hadanganyiki: manjano yakikutana na sabuni huwa mekundu. Na halikuwa doa la siku moja. Maua ndiyo yaliyokuwa yanatibiwa!

Nikafunga kazi, nikarudi mchana. Kalala. Viatu vya kunipokelea vimepangwa kando ya kitanda. Kikombe cha asubuhi kimejaa vilevile — leo hakupata hata nguvu ya kukimwaga. Aliponiona akaanza kuinuka, akitabasamu.

"Lala, mama. Umechoka?"

Akaniangalia weee.

"Sana, mume wangu. Ila ulikuwa na furaha mno."

Nikanywa kile kikombe, mara yangu ya kwanza kukionja. Loo! Nusura nikirudishe! Akacheka mpaka akaishiwa pumzi, akashika mkono wangu, akasinzia.

Bado kaushika, naandika kwa ule mwingine. Kesho nitaingia chumbani bila kikombe — sijui mikono nitaiweka wapi.