Maji ya Chumvi ya Fahad

Bellevue, Johannesburg

Kwako dada yangu mpenzi Nusaiba,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kifua cha mama kimetulia. Mimi mwili ni mzima.

Dada, ndoa ni tamu! Fahad wangu ananiita Malkia wa Tanga hata mbele za watu, mpaka naona haya. Nilipokupigia simu kukuambia kwamba amepata kibarua cha kulala, ulicheka ukasema mvivu kapata riziki yake. Ni kweli alilala, wiki nyingi, katika nyumba ya utafiti hapa mjini, kwenye kitanda kilichoinamishwa upande wa kichwa. Malipo yangetupatia chumba chetu, tuache kugawana na watu kwa pazia.

Nesi Victoire, Mkongo wa mtaa wa Yeoville, alinieleza maana yake. Wanaanga wakiwa huko juu, damu hupanda kichwani na mwili hujipunguzia maji. Wakirudi duniani wakasimama, damu hukimbilia miguuni, presha hushuka, wanaanguka. Kulala vile kunaufanya mwili uwe kama wao. Fahad na Gaston, mlinzi wa usiku aliyelala kitanda cha jirani, walipangiwa kunywa maji ya chumvi kabla ya kuinuka, ili presha isishuke. Gaston alimtania kwamba hajaona bwana harusi anayelala kama popo. Fahad akamjibu kwamba heri popo mwenye mke kuliko popo kapera.

Siku ya kuinuka nilivaa dera jekundu ulilonipa. Nikamkuta Fahad amefunga. Aliweka nadhiri kwamba akinioa atafunga siku moja ya shukrani kabla hatujalala chumbani kwetu, na chumba tulikuwa tunaingia jioni ile. Victoire alileta chupa ya maji ya chumvi, akamwambia Fahad amalize yote, akatoka kumwita daktari. Aliporudi, chupa ilikuwa tupu.

Fahad alisimama, akanitabasamia. Kisha midomo ikapauka, akaanguka, kichwa kikapiga chuma cha kitanda. Damu ilivilia kwenye ubongo. Upande wa kulia umepooza, na hasemi. Nikimwita hunibana kidole kwa mkono wa kushoto, nami namwambia bado ni mzuri kuliko wanaume wote wa Joburg.

Dada, sasa nakuambia nililoshindwa kumwambia mama. Maji yale niliyanywa mimi. Fahad alikataa kuvunja nadhiri, na aliona aibu kumrudishia nesi chupa. Nikajiuliza, anashukuru kwa ajili yangu, mimi nishindwe kumsaidia? Nikayanywa huku nimekunja uso, naye akacheka, nikampenda zaidi.

Ningenyamaza. Lakini jana niliwasikia madaktari wakisema Fahad aliyanywa na bado akaanguka, basi maji ya chumvi hayafai, Gaston ainuliwe bila hayo. Nikawafuata, nikasema kila kitu. Daktari hakunifokea, afadhali angefoka. Victoire alikaa chini akasema eish, mama, mngeniambia mimi tu, si tungesogeza siku?

Leo asubuhi Gaston amekunywa maji yake ya chumvi, amesimama, ametembea mpaka mlangoni nilipokuwa. Alinishukuru, nikashindwa kumtazama usoni. Nilikuwa naitazama miguu yake.

Mwombee Fahad, dada. Mama mwambie anaumwa. Hayo mengine nitamwambia kwa kinywa changu. Wabusu watoto, na shemeji mpe salamu zetu sote wawili.

Ni mimi mdogo wako,
Tabia, mke wa Fahad