Évode Anahesabu, Kaunta Inangoja

Jumatatu, 3 Juni 1991
Kompyuta imegoma tena. Hapana – Évode ndiye kaigomesha. Bohari yetu ya dawa ina mashine moja na vioo vitatu vya kusomea na kuandikia: cha Damascène kaunta, anapotolea dawa za vituo vya afya, cha Évode wa takwimu, ghorofani, na changu mimi, ninayeitunza.

Saa nne Damascène anaandika katoni mbili za kwinini, herufi zinasimama. Manesi kumi na mmoja kwenye foleni. Napanda ngazi – bwana hayupo. Ripoti yake iko ukurasa wa kwanza, inangoja abonyeze ili iendelee. Yeye yuko uani anamuuliza mlinzi habari za ng'ombe. Na ripoti isipofika mwisho, orodha ya dawa imefungwa, hakuna anayeweza kuandika humo. Nikabonyeza mwenyewe. Kurasa arobaini!

Jumanne, 4 Juni 1991
Mkurugenzi kaniita. Kesi ya foleni. Jumatatu ijayo akiona bado kuna kero, mashine inarudi sandukuni na kadi za karatasi zinarudi kaunta. Na mimi kwenye taipu. Kayasema kwa upole, kama anayeniuliza kama niongezewe sukari.

Naogopa, nikiri. Miaka sita nimepiga barua za watu wengine.

Nikamwomba Évode ahesabu jioni, kaunta ikishafungwa. Eti anakaa Rebero, na goti lake na kile kilima gizani hawaelewani.

Alhamisi, 6 Juni 1991
Nimepata njia. Asubuhi kabla ya kaunta kufunguliwa nanakili orodha nzima, dakika ishirini tu. Évode anahesabu kwenye nakala, Damascène anaandika kwenye ile yenyewe. Hawagusani.

Évode alinuna. Kwamba yeye, mtu wa takwimu, namlisha ugali uliolala. Nikamwambia aupashe moto. Akacheka, lakini baada ya kufikiri.

Damascène kapita mlangoni: "Shami, leo mashine yako iko natembea sana. Ulimpiga Évode?"

Ijumaa, 7 Juni 1991
Saa tano, foleni hakuna. Mkurugenzi kashuka, katazama, kapanda bila neno. Kwake hiyo ni sifa.

Jumatatu, 10 Juni 1991
Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkurugenzi.

Asubuhi nilinakili kama kawaida: katoni sitini na nne za kwinini. Kaunta ilipofunguliwa tu akaja sista Mukagasana na lori, akachukua sitini kwa wakimbizi wa vita. Halali kabisa, na Damascène kaandika vizuri. Saa nne Évode akahesabu nakala yangu: sitini na nne. Akatia sahihi, akampelekea mkurugenzi. Mkurugenzi akashika simu, akaahidi hospitali moja ya kaskazini katoni arobaini. Gari lao lilikuwa tayari mjini.

Mimi ndiye niliyegundua: kwenye orodha yenyewe zimebaki nne. Évode alikaa kwenye kiti changu, akafuta miwani, akaifuta tena. Nilitegemea anirushie ule ugali usoni. Ningestahili. Lakini kasema polepole kwamba atamwambia mkurugenzi alikosea kuhesabu. Goti bovu halimfukuzishi mtu kazi, hesabu mbovu ya mara moja pia haitamfukuzisha.

Évode! Mtu ambaye akikosea hesabu ya kibiriti kimoja hali chakula cha mchana. Nimeichekesha kaunta nzima kwa habari zake wiki nzima, na leo anataka kunibebea. Nilimkatalia. Akaingia kwa mkurugenzi kabla sijamfikia, akarudisha mlango.

Namsikia humo ndani. Anasema "kosa langu" kwa sauti ya mtu anayejifunza maneno mapya. Mkurugenzi kanyamaza, na safari hii sio sifa.

Gari la hospitali limeingia uani. Dereva kapanda, kavua kofia, ananiuliza mimi katoni zake arobaini apakilie mlango upi. Nimemwambia angoje dakika moja.

Naingia. Bila kubisha hodi.