Damu Nzito

Mdogo wangu wa mwisho,

Barua hii ikukute mzima. Hapa kwetu uzima umeadimika. Cherehani yangu imetengenezwa, bado inalia kama mbuzi. Mama hajambo, kutwa anagombana na jirani kwa mapipa yake ya maji yasiyofunikwa.

Ile homa ya mbu imepita mtaa mzima. Jirani aliugua, fundi viatu wetu aliugua, wakalala juma moja, wakaamka wanadai chai. Kaka yetu naye alilala. Homa ikashuka, tukashangilia. Kesho yake mikono ikawa ya baridi, na jioni hatukuwa naye tena. Vile vile kama shangazi mwaka juzi.

Daktari aliniuliza habari za ukoo, akanitoa damu. Anasema mbu ni wale wale, ila upande wa baba huenda tunarithishana udhaifu: homa ikishuka, maji huvuja kutoka kwenye mishipa, damu ikabaki nzito. Nikaangua kicheko, mwenzio. Si unamkumbuka marehemu baba kila tulipogombana? "Damu nzito kuliko maji!"

Mama anataka umlete mwanao, eti nyumba imepwaya. Usimlete. Singizia kazi, singizia nauli, singizia lolote. Yule mtoto kachukua pua ya baba. Sijui kachukua nini kingine.

Kwangu usihofu. Nilikuwa na homa tangu wiki iliyopita, lakini leo asubuhi imeshuka. Namsikia Mama jikoni, anashangilia.

Ni mimi, dada yako.