Kibuyu Kilijaa

Naisula mjukuu wangu, supa, salamu nyingi. Huku Kajiado tuko wazima, babu yako analalamikia magoti tu. Mimi ndiye situlii, nimefagia boma mara tatu tangu asubuhi. Barua hii anaileta mjomba wako anayekuja Kitengela leo, maana kwa simu ningelia.

Umeuliza kwa nini daktari hakufurahi wakati midomo ya mtoto wako ilikuwa myekundu vizuri. Moyo wa mtoto uko na chumba kimoja tu cha kusukuma damu, na hicho hicho kinagawia mapafu na mwili.

Nikiwa msichana, mama alinipa ng'ombe wa kukamua. Desturi yetu ni chuchu mbili za watu, mbili za ndama. Mimi nikakamua zote nne siku kadhaa, kibuyu kikajaa, nikajisifu. Mama hata hakukitazama. Alienda kushika miguu ya ndama, akaikuta baridi, inatetemeka kwa njaa.

Labda mapafu ya mtoto yanashiba hivyo, ndiyo maana midomo ni myekundu, na mwili unanyimwa. Waache madaktari wapime damu inaenda wapi.

Wakimaliza nipigie, simu iko mkononi. Usinianzie na midomo, mama. Niambie kama miguu yake iko na joto.

Kokoo wako