Mvua ya Mama Eva

Tunduma, 9 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umepunguza kuuma. Mimi sijambo, ila vumbi la malori ya mpakani linanikohoza. Simu yako haipatikani kabisa, kwa hiyo naandika kama enzi za shule, na barua nampa dereva wa lori la mpunga.

Mama, nimepata kazi! Ni mradi wa kuelimisha wananchi kuhusu mabadiliko ya tabianchi na nishati safi. Jumamosi jioni nazungumza redioni, siku nyingine tunazunguka vijijini na gari la matangazo. Mkufunzi wetu anasema mkulima ukimwambia habari za hewa ukaa anasinzia. Mpe mfano wa nyumbani, mtu halisi mwenye jina. Basi nimetunga wa kwangu, utacheka. Nenda dukani kwa Jastin ukasikilize.

Nimekutumia pia jiko dogo la gesi na mtungi wake. Mkaa sasa basi, mama, umechoka.

Mwanao,
Eva

Msangano, 30 Novemba 2024

Mwanangu Eva,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo ni ule ule. Jiko limefika na linawaka vizuri, maharage tu ndiyo naogopa yatanimalizia gesi.

Nilikwenda kwa Jastin. Nilivaa kitenge cha Pasaka, maana nilishawatambia akina mama wa kwaya kwamba mwanangu anaongea redioni. Duka likajaa. Ukaanza vizuri, nikajisikia na mimi mtu. Kisha ukasema, "Mnauliza nani anafukuza mvua? Msitafute mbali. Mama yangu mzazi, Elizabeti wa Msangano, na tanuru lake la mkaa, ni mmoja wao." Watu wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje?

Sasa hawacheki. Mawingu yanakuja, yanapita. Juzi Mzee Yonasi alinisimamisha kisimani akaniuliza taratibu, "Mama Eva, tumekukosea nini?" Unajua hapa kwetu swali hilo huulizwa mtu anayedhaniwa amefunga mvua. Mtu akisingiziwa na jirani anajitetea. Mimi nitajitetea vipi, na aliyenitaja ni mtoto wa tumbo langu?

Njoo useme vizuri mbele yao. Mkaa ule ndio uliokuvalisha sare ya shule, na hilo hukulitaja.

Mama yako

Tunduma, 14 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo, na pole kwa maneno ya watu. Usiyaweke moyoni. Nilikuwa nafundisha tu. Dunia nzima imepata joto kwa moshi wa viwanda na magari ya nchi kubwa, miaka na miaka, na tanuru lako humo ni kitu kidogo sana. Lakini nikitaja viwanda vya ng'ambo, nani Msangano anavijua? Wewe wanakujua.

Kipindi kimependwa, mama. Wanakirudia kila asubuhi na bosi amenipongeza mbele ya wageni. Siwezi kuja sasa, tuna mikutano Nanyala na kwingine. Waambie wakisikilize mpaka mwisho, wataelewa.

Mwanao,
Eva

Msangano, 19 Januari 2025

Eva,

Marahaba. Afya yako sikuulizi, nakusikia kila asubuhi.

Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Akina mama wa kwaya wakaacha kuniita mazoezini. Jastin akakataa kunichajia simu. Kisha wakaja kwangu mchana kweupe, wanaume kwa wanawake, Mzee Yonasi mbele. Walishaamua kwamba mvua nimeifungia ndani ya mtungi wako. Ni chuma kizito, kimekazwa juu, ndani kina upepo, na kililetwa mwezi ule ule mawingu yalipoanza kupita. Wakautoa uani. Wakaniambia nifungue.

Nikawaambia ni gesi, mwanangu kanitumia nipikie. Wakasema, fungua. Nikafungua kwa mkono wangu, ikalia mpaka ikaisha, harufu imejaa uwanja mzima, nami nimesimama kama mwizi. Moyoni nilimwomba Mungu mvua isinyeshe. Mimi mkulima, mjane, nimeomba hivyo.

Ikanyesha kesho yake. Ikanyesha mpaka mto ukafurika. Wakapanda upya wakiimba, na sasa hakuna anayeniuliza kitu tena, wanapita mbali na nyumba yangu na kuwavuta watoto wao mkono. Kwao imethibitika.

Kama wenye viwanda ndio wenye makosa, ungewataja wao. Uliogopa kuwasinziza wasikilizaji, ukanitoa mimi kafara. Nakwenda Nakonde, upande wa Zambia, kwa mama yako mdogo Tabita. Usinifuate.

Mama yako

Tunduma, 6 Desemba 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua zangu zote hukuzijibu. Nakonde ni hapa tu, nilivuka, mama mdogo akanisimamisha mlangoni akasema umelala. Nilikuona dirishani, mama. Nililia njia nzima.

Kazi nimeacha. Wiki iliyopita nilikwenda Msangano peke yangu, bila gari la matangazo. Niliomba nafasi baada ya ibada. Nikasema mama yangu hana kosa, mimi ndiye niliyekosa, joto limeletwa na viwanda tusivyovijua, na mtungi ulikuwa na gesi tu. Walinisikiliza vizuri kuliko mkutano wowote niliowahi kufanya. Wengine walifuta machozi.

Kisha Mzee Yonasi akasimama. Akasema, "Tumekuelewa, binti. Na sisi hatuna ugomvi na mama yako. Nyumba yake tumeiezeka upya. Mwambie arudi, mawingu yameanza kupita tena, na mwenye kufungua ni yeye." Kanisa zima likaitikia amina.

Wanasema usipokuja kabla ya Krismasi watakufuata huko huko. Nifanye nini, mama? Niambie, nitafanya.

Mwanao,
Eva

Nakonde, 11 Desemba 2025

Mwanangu Eva,

Marahaba. Mimi sijambo, mama yako mdogo anakusalimu. Siku ile sikuwa nimelala, ni kweli.

Naamini safari hii ulisema vizuri. Lakini sirudi. Nikirudi na mvua ikanyesha, nitakuwa mchawi wao mpaka kufa. Isiponyesha, unajua watakachonifanya.

Umeuliza ufanye nini. Nenda pale redioni, saa ya matangazo ya vifo, useme Elizabeti wa Msangano amefariki kwa mdogo wake Zambia na amezikwa huko. Taja jina lote, kama ulivyolitaja mwanzo. Kaza sauti, usilie sana. Hilo wataliamini, maana ni baya na limetoka kwako.

Mzee Yonasi akija na watu wake hapa hawatatukuta. Mimi na Tabita tunahamia shambani kwa mumewe, ndani zaidi. Mahali penyewe sikutajii, mwanangu. Ukipajua utapasema.

Mama yako